Sindano ya testosteroni kwa anayeishi na VVU: je, itajenga mifupa?

Swali: Habari za kazi, daktari. Nina miaka 53, niko Mbeya. Nilianza dawa za VVU mwaka 2011, sasa natumia TLD na virusi havionekani. Mwaka jana niliteleza bafuni nikavunjika mkono karibu na kiganja. Nilipokwenda Dar nikapimwa DEXA, kile kipimo cha madini ya mifupa, karatasi inasema T-score ya pingili za kiuno ni −2.6. Nachoka sana, hamu ya tendo la ndoa imeshuka, na mgongo unauma. Maabara moja ilinipima testosteroni saa kumi jioni ikasoma 9.4 nmol/L. Muuza duka la dawa anasema nichome Sustanon 250 kila wiki mbili, itarudisha nguvu na kujenga mifupa. Nichome?

Jibu: Ndugu yangu, pole kwa mkono. Kwa sasa usichome. Kipimo kimoja cha saa kumi jioni hakitoshi kusema una upungufu wa testosteroni, na hata ukithibitika, sindano hiyo si dawa ya kuzuia mfupa usivunjike. Mifupa yako inahitaji tiba yake yenyewe, na tiba hiyo haina haja ya kusubiri suala la homoni liamuliwe.

Tuanze na lililo wazi zaidi, yaani mifupa. Kwa mwanaume wa miaka 50 na kuendelea, T-score (namba inayolinganisha mifupa yako na ya kijana mwenye afya) ya −2.5 au chini yake ndiyo mpaka wa osteoporosisi, mifupa iliyopungua madini hadi ikawa rahisi kuvunjika. (Kwa aliye chini ya miaka 50 tunasoma Z-score, inayomlinganisha na watu wa umri wake, huko −2.0 kushuka chini ndiyo inayotia shaka.) Wewe una −2.6. Zaidi ya hapo, umevunjika kwa kuteleza ukiwa umesimama tu. Mfupa mzima wa mtu wa makamo kwa kawaida hustahimili anguko la namna hiyo, na kwa mtazamo wangu mkono huo una uzito kuliko namba ya kwenye karatasi: mtu aliyevunjika mara moja kwa anguko dogo yuko karibu na kuvunjika tena, na mara ya pili huweza kuwa nyonga.

Kwa nini mifupa imefika hapo

Sababu ni zaidi ya moja. VVU vyenyewe, hata vikiwa vimefubazwa, huacha kinga ya mwili ikiwa imechangamka kupita kiasi, na kemikali za uchangamfu huo huamsha seli zinazobomoa mfupa. Kisha kuna dawa. Karibu kila mtu anayeanza ARV, za aina yoyote, hupoteza asilimia 2 hadi 6 ya madini ya mifupa katika mwaka mmoja au miwili ya mwanzo, halafu kasi hutulia. Tenofoviri ya aina ya TDF, ile miligramu 300 iliyomo kwenye kidonge chako cha TLD pamoja na lamivudini 300 na dolutegraviri 50, hupunguza zaidi kuliko abakaviri. Njia yake kubwa inapitia kwenye figo: vijifereji vya figo hushindwa kurudisha fosfeti mwilini, ikapotea kwenye mkojo, na mfupa usio na fosfeti ya kutosha haukomai. Kama kabla ya TLD ulitumia vidonge vyenye efavirenzi, hiyo nayo huharakisha kuvunjwa kwa vitamini D ini likifanya kazi yake.

Sisemi haya ili uogope TLD. Imekuweka hai na virusi havionekani. Usiache hata dozi moja kwa sababu ya ulichosoma hapa. Nasema ili ujue cha kuuliza kliniki.

Cha kwanza kuuliza ni figo na madini. Omba kreatinini (taka inayochujwa na figo), fosfeti ya damu (damu ichukuliwe asubuhi kabla ya kula), kalsiamu, ALP (kimeng'enya cha mifupa na ini), vitamini D, na kipimo cha mkojo cha protini na sukari. Sukari ikionekana kwenye mkojo ilhali ya damu iko sawa, hiyo ni dalili kwamba vijifereji vya figo vinavuja. Fosfeti ikiwa chini, ALP ikiwa juu, na mtu analalamika maumivu ya mifupa huku mapaja yakimlegea anapoinuka kitini, tatizo si osteoporosisi ya kawaida bali ni osteomalesia, mfupa laini. DEXA haiwezi kuzitofautisha. Zote mbili husoma namba ya chini. Kosa hapa lina gharama, kwa sababu dawa za osteoporosisi hazitibu mfupa laini na zinaweza kuuzidishia shida. Dawa yake ni kuondoa TDF na kurudisha fosfeti na vitamini D.

Juu ya kreatinini, tahadhari moja. Dolutegraviri huipandisha kidogo, kiasi cha mikromoli 10 hadi 20 kwa lita, ndani ya wiki za mwanzo, kwa kuziba mlango mmoja ambao kreatinini hupitia kutolewa na figo. Figo zenyewe hazijaumia, na namba hubaki pale pale. Inayotia wasiwasi ni ile inayoendelea kupanda kipimo baada ya kipimo.

Huo mgongo

Hapa sitaki upite haraka. Mtu mwenye VVU anayeumwa mgongo, hasa kwetu, lazima aondolewe shaka ya kifua kikuu cha uti wa mgongo kabla ya kuambiwa ni mifupa mepesi. Maumivu ya TB hujijenga polepole kwa wiki na miezi, huuma hata ukiwa umelala, na huweza kuja na jasho la usiku, homa za jioni na kukonda, ingawa homa si lazima iwepo. Pingili iliyobonyea kwa osteoporosisi kwa kawaida huja ghafla, umeinua ndoo ya maji au umekaa vibaya kwenye daladala, ikauma sana wiki kadhaa kisha ikapoa. Nyingine hazitoi maumivu kabisa; mtu anagundua amefupika, suruali zinaburuta. Pima urefu wako ukutani bila viatu na ulinganishe na uliokuwa nao ujanani. Ukipungua sentimita 4 au zaidi, omba eksirei ya mgongo wote, wa kifua na wa kiuno, ipigwe kwa pembeni.

Miguu ikianza kufa ganzi au kukosa nguvu, au mkojo ukakataa kutoka, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Na kama maumivu yako kwenye kinena, yanazidi ukikanyaga, mtajie daktari hivyo. Kichwa cha mfupa wa paja huweza kufa kwa kukosa damu. Hutokea zaidi kwa wenye VVU, kwa waliotumia steroidi na kwa wanywaji wa pombe, na eksirei ya mwanzo huweza kuonekana safi kabisa. Kipimo chake ni MRI.

Sasa testosteroni: ipimwe vizuri kwanza

Testosteroni hupanda alfajiri na kushuka jioni. Chakula nacho huishusha, hivyo hivyo homa, malaria, kukesha, hata wiki mbaya tu. Kwa hiyo damu ichukuliwe kati ya saa moja na saa nne asubuhi, hujala kitu, hujaugua siku za karibuni, na irudiwe siku nyingine baada ya wiki chache. Mara mbili, si moja. Mpaka unaotumiwa sana ni 10.4 nmol/L, yaani 300 ng/dL. Chama cha madaktari wa homoni cha Marekani katika mwongozo wake wa 2018 kilitumia pia 264 ng/dL, ambayo ni kama 9.2 nmol/L. (Kubadilisha ng/dL kwenda nmol/L, zidisha kwa 0.0347. Watu wengi hutishika kwa kusoma jibu la kizio kimoja na kulilinganisha na mpaka wa kizio kingine.) 9.4 yako iko kati ya mipaka hiyo miwili, na kwa kuwa ni ya saa kumi jioni, asubuhi inaweza kusoma juu zaidi.

Lakini kwa mwenye VVU kuna mtego upande wa pili pia. Sehemu kubwa ya testosteroni kwenye damu imeshikwa na protini iitwayo SHBG, na iliyoshikwa hivyo haifanyi kazi. Inayozunguka huru kabisa ni asilimia 2 hadi 3 hivi. VVU hupandisha SHBG, homa ya ini ya virusi nayo huipandisha. Matokeo yake jumla inasoma vizuri, 14 au 15, mgonjwa anaambiwa hana tatizo, kumbe iliyo huru ni kidogo. Ndiyo maana kwa mtu wa hali yako jumla peke yake haitoshi kwa vyovyote. Omba SHBG na albumini zipimwe pamoja na testosteroni ya jumla, kisha daktari akokotoe iliyo huru. Chini ya kama 220 pmol/L, pamoja na dalili, ndiyo tunaihesabu kuwa upungufu. Vipo vifaa vya maabara vinavyodai kupima testosteroni huru moja kwa moja. Vingi vyake haviaminiki, na pesa hiyo ni bora ilipie SHBG.

Asubuhi zote mbili zikisoma chini, kuna swali jingine kabla ya sindano: imeshuka kwa nini? LH na FSH, homoni za kichwani zinazoamuru korodani, ndizo zinazojibu. Zikiwa juu, korodani ndizo zilizochoka. Zikiwa chini au za kawaida wakati testosteroni iko chini, amri haitoki kichwani, na hapo mara nyingi kuna kitu kinachoweza kuondolewa. Tramadoli na dawa nyingine za jamii ya afyuni hushusha testosteroni. Prednisoloni na deksamethasoni hali kadhalika. Ketokonazoli ya vidonge huzuia utengenezaji wake, na dawa ya kuongeza hamu ya kula iitwayo megestroli huizima kwa kiasi kikubwa. Pombe nyingi pia, na kitambi: wengi huongezeka uzito baada ya kuanza dolutegraviri, na kupunguza kilo kunaweza kurudisha namba bila sindano yoyote. Testosteroni ikiwa chini ya 5 nmol/L huku LH iko chini, au kuna maumivu ya kichwa na kuona kwa shida pembeni, ipimwe homoni ya prolaktini na kichwa kipigwe MRI.

Steroidi zinastahili neno la ziada kwa sababu zinaua ndege wawili: mifupa na testosteroni. Anayetumia dawa za mstari wa pili zenye ritonaviri, kama atazanaviri na ritonaviri, asikubali sindano ya triamsinoloni ya goti wala dawa ya pumu ya kuvuta yenye flutikasoni au budesonidi bila daktari wa CTC, kliniki yake ya VVU, kujua. Ritonaviri huzuia ini kuvunja steroidi hizo, zikarundikana mwilini: uso unavimba, misuli inakonda, tezi za adrenali zinalala, mifupa inaliwa. Sindano moja ya goti inatosha kufanya hayo kwa wiki kadhaa. TLD haina ritonaviri, kwa hiyo mtego huo si wako leo. Lakini ukibadilishiwa dawa, kumbuka. Wa kwako ni ule wa vidonge vya kunenepesha na vya maumivu vinavyouzwa bila lebo, ambavyo baadhi huwa na deksamethasoni ndani. Kama umewahi kutumia, sema, na usiviache ghafla bila ushauri.

Testosteroni inafanya nini kwa mfupa

Muuza dawa hakutunga kila kitu. Testosteroni inahusika na mfupa, lakini sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa baada ya mwili kuigeuza kuwa estradioli, homoni tunayoihesabu ya kike. Kwa mwanaume, estradioli ndiyo breki kuu ya seli zinazobomoa mfupa. (Hii ndiyo sababu vidonge vya kuzuia estrojeni ambavyo wanyanyua vyuma humeza pamoja na sindano ni vibaya kwa mifupa yao.) Mwanaume asiye na testosteroni hupoteza mfupa, na akirudishiwa, wingi wa madini huongezeka. Katika majaribio ya Marekani yaliyochapishwa mwaka 2017, wanaume wa miaka 65 na zaidi wenye testosteroni ya chini walipaka jeli mwaka mmoja, na madini ya sehemu ya ndani ya pingili yakapanda kwa asilimia 7.5, dhidi ya 0.8 kwa waliopaka jeli bandia. Kwa wanaume waliokonda kwa UKIMWI, jaribio dogo la miezi mitatu lililochapishwa 2001 nalo lilionyesha madini ya kiuno yakipanda.

Namba nzuri. Tatizo ni kwamba madini kupanda kwenye mashine na mfupa kutovunjika ni mambo mawili. Mwaka 2024 yalitoka matokeo ya mivunjiko ya jaribio liitwalo TRAVERSE, la wanaume zaidi ya 5,200 wa miaka 45 hadi 80 wenye testosteroni ya chini na ugonjwa wa moyo au hatari yake, waliofuatiliwa kwa kama miaka mitatu. Ilitarajiwa mivunjiko ipungue. Iliongezeka: asilimia 3.5 ya waliopaka testosteroni walivunjika, dhidi ya 2.46 ya wenzao. Sababu haijulikani vizuri. Wapo wanaodhani watu walijisikia wana nguvu wakaanza kukimbia na kupanda ngazi mifupa ikiwa bado ile ile. Wale hawakuchaguliwa kwa kuwa na VVU wala osteoporosisi, kwa hiyo sikusomei hukumu kutoka kwao. Ninachosema ni kwamba hakuna jaribio lililoonyesha testosteroni ikizuia mivunjiko, na lililo kubwa kuliko yote limeelekea upande mwingine. Kwa mtu ambaye tayari ameshavunjika, kuitegemea peke yake si busara.

Kinachojenga mifupa yako kweli

Jambo la kwanza la kujadili na CTC ni kuondoka kwenye TDF. Njia ni mbili: tenofoviri ya aina ya TAF, ambayo hufika kidogo sana kwenye figo na mifupa, au abakaviri. Kabla ya yote, angalia kadi yako kama kuna jibu la HBsAg, kipimo cha homa ya ini B. Tenofoviri inatibu pia homa ya ini B. Mwenye homa hiyo akihamishiwa abakaviri na kubaki na lamivudini peke yake upande wa ini, virusi vya B huamka, ini huweza kuwaka vibaya, na usugu kwa lamivudini hujengeka. Akiwa na B, ahamie TAF, au abaki kwenye tenofoviri na kutibiwa mifupa kwa njia nyingine. Abakaviri nayo ikileta homa, vipele, kutapika na kikohozi katika wiki sita za kwanza, rudi kliniki mara moja; ikishaachishwa kwa sababu hiyo, haimezwi tena maishani, kwa maana dozi ya kurudia huweza kuua. Na mwenye ugonjwa wa moyo haifai sana.

Lakini kubadili dawa peke yake, kwa T-score kama yako na mkono uliovunjika, naona hakutoshi. Jaribio la Australia na Hispania lililinganisha kubadili TDF na kubaki nayo huku ukipewa asidi ya zoledroniki kwa mshipa mara moja kwa mwaka. Baada ya miaka miwili, waliobadili walipata asilimia 2.9 kwenye kiuno; waliobaki na TDF wakapewa zoledroniki walipata 7.4. Hiyo ndiyo nguvu ya dawa za mifupa.

Rahisi kupatikana ni alendroneti, miligramu 70 mara moja kwa wiki. Dawa hii haivumilii uzembe. Chagua siku, tuseme Jumapili. Saa kumi na mbili asubuhi, tumbo tupu, meza kidonge kizima kwa glasi nzima ya maji matupu. Si chai, si maziwa, hata maji ya madini ya chupa yasitumike. Kaa wima au tembea kwa nusu saa nzima, usirudi kitandani, usile. Kidonge kikikwama kooni huchoma ukuta wa umio na kuacha kidonda. Mwenye utando mweupe wa fangasi kooni, au anayemeza kwa shida, atibiwe hilo kwanza. Kasi ya figo kuchuja ikiwa chini ya mililita 35 kwa dakika, isitumike. Jino bovu ling'olewe kabla ya kuanza, si baada.

Zoledroniki miligramu 5 kwa dripu hufaa zaidi kwa asiyeweza masharti hayo, kwa sharti kwamba vitamini D iko sawa, amekunywa maji ya kutosha na figo zinaruhusu. Siku moja hadi tatu baada ya dripu ya kwanza wengi hupata homa na maumivu ya mwili yanayofanana mno na malaria. Parasetamoli hutuliza, ikipita siku tatu, pima malaria kama kawaida.

Vitamini D na kalsiamu ndizo msingi. Vitamini D ikiwa chini ya 20 ng/mL, dozi inayotumika sana ni yuniti 50,000 kwa wiki, wiki nane, kisha 1,000 hadi 2,000 kwa siku. Kalsiamu lengo ni miligramu 1,000 kwa siku, na ni bora zitoke sahani kuliko chupa. Dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao ni hazina ambayo tunaidharau kwa sababu ni rahisi. Glasi ya maziwa au mtindi ya mililita 250 ina kama 300. Mchicha una kalsiamu, lakini una oksaleti inayoishika isifyonzwe vizuri. Sukuma wiki ni bora kwa hili.

Ukilazimika kumeza vidonge vya kalsiamu, soma lebo: kalsiamu kaboneti miligramu 1,250 ina kalsiamu yenyewe 500 tu, na tumbo halifyonzi vizuri zaidi ya hiyo kwa mara moja. Na hapa kuna kosa ambalo linaweza kuharibu yote uliyojenga tangu 2011. Kalsiamu huishika dolutegraviri tumboni ikashindwa kuingia kwenye damu. Ukivimeza pamoja, viwe pamoja na mlo kamili; chakula kikiwepo, dolutegraviri hupita. Kama humezi na chakula, TLD itangulie saa mbili kabla ya kalsiamu, au ije saa sita baada yake. Madini ya chuma yanafuata kanuni hiyo hiyo. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu na aluminiamu hazisamehewi hata na chakula: saa mbili au sita, daima. Mpango wa kawaida ni huu: TLD usiku kabla ya kulala, kalsiamu kwenye mlo wa mchana. Jumapili, alendroneti alfajiri, kifungua kinywa nusu saa baadaye, kalsiamu mchana kama siku nyingine.

Mengine nayapitia haraka kwa kuwa unayajua: sigara iachwe, pombe ipungue. Mazoezi yawe ya uzito na mizani, kuinuka kitini bila mikono mara kumi na kurudia, kusimama kwa vidole vya miguu, kutembea kwa kasi. Epuka kuinama mbele ukiwa umebeba mzigo mpaka eksirei ya mgongo itoke. Na hilo bafu liwekewe mkeka usioteleza na kishikizo. Mara nyingi mfupa mwepesi hauvunjiki kama mwenyewe hajaanguka.

Ikithibitika kwamba testosteroni ni pungufu kweli

Hapo tiba ina nafasi yake, kwa ajili ya hamu, uchovu, misuli, na kama msaidizi wa mifupa kando ya alendroneti. Kuwa na matarajio ya kweli: hamu ya tendo huitikia vizuri kuliko usimamaji wa uume, ambao kwa umri wetu mara nyingi ni suala la mishipa ya damu, sukari na shinikizo la damu. Pima hivyo viwili kabla ya kuilaumu homoni.

Asichome mwenye saratani ya tezi dume au ya titi, aliyepata mshtuko wa moyo au kiharusi ndani ya miezi sita, anayekoroma na kukatika pumzi usingizini bila tiba, na anayetaka mtoto hivi karibuni. Hili la mwisho halisemwi madukani: testosteroni ya nje huzima amri ya kichwani, korodani hunywea na mbegu hupungua hadi kukosekana, na kurudi huchukua miezi mingi. PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, ipimwe kwanza. Ikizidi 4, au ikizidi 3 kwa mwenye hatari kubwa, na wanaume weusi tunahesabiwa humo, uonwe na daktari wa mfumo wa mkojo kabla.

Kwa wewe wa Mbeya kuna la nyongeza, hematokriti, yaani asilimia ya damu ambayo ni chembe nyekundu. Testosteroni huongeza chembe nyekundu, damu ikawa nzito. Huko kwenye mita 1,700 hivi, damu yako tayari iko juu kidogo kuliko ya mtu wa Tanga. Kikomo cha kuanzia ni asilimia 48, au 50 kwa wanaoishi nyanda za juu. Ikifika zaidi ya 54 ukiwa kwenye tiba, sindano husimama mpaka ishuke, kisha dozi hupunguzwa.

Kuhusu Sustanon 250: ni mchanganyiko wa aina nne za testosteroni kwenye mafuta ya karanga (mwenye mzio wa karanga asiiguse), na utaratibu wake wa kawaida ni kila wiki tatu, si mbili. Ubaya wa sindano za namna hii ni bonde na mlima: siku za kwanza uko juu, hasira na chunusi, za mwisho umeishiwa. Enantheti miligramu 75 hadi 100 kila wiki hutuliza mawimbi hayo. Andekanoeti miligramu 1,000 ni ya pili baada ya wiki sita, halafu kila wiki 10 hadi 14. Ni ghali, na ichomwe taratibu kwa dakika mbili kwenye kalio, mgonjwa akae kituoni nusu saa kwa kuwa mafuta yakiingia mshipani huleta kikohozi kikali na kubanwa pumzi. Jeli haina mawimbi, ila mkeo na watoto wasiguse ngozi uliyopaka. Kwa enantheti damu ya kupima hutolewa katikati ya sindano mbili, lengo likiwa 12 hadi 21 nmol/L; kwa andekanoeti hutolewa muda mfupi kabla ya sindano inayofuata.

Hematokriti, PSA na testosteroni zirudiwe kati ya mwezi wa tatu na wa sita, halafu hematokriti kila mwaka. DEXA irudiwe baada ya mwaka mmoja hadi miwili, na kwenye mashine ile ile ya Dar, kwa sababu tofauti ya mashine mbili inaweza kuwa kubwa kuliko mabadiliko tunayoyatafuta. Iombe hospitali ikuandikie wingi wa madini kwa g/cm² za kila sehemu, si T-score peke yake. Hizo ndizo tutakazolinganisha.

Ukienda CTC mara hii, beba karatasi ya DEXA, eksirei ya mkono kama ipo, jibu la testosteroni, na maganda ya kila dawa unayomeza, zikiwemo za mitishamba na za kiungulia. Kabla hujakubali kubadilishiwa TDF, muombe daktari akuonyeshe jibu la HBsAg kwenye faili.